Mkutubi, Unaenda Mkutano wa Teknolojia ya Intaneti kwa Mara ya Kwanza? Anza Hapa

Kila mkutano wa wakutubi unapotangazwa, maswali huwa yaleyale. Fedha nitapata wapi? Ikisiri, yaani muhtasari wa mada, inaandikwaje? Ni lazima niwasilishe mada? Na kuna lile linaloulizwa kwa sauti ya chini: mimi niliye kwenye maktaba ya shule yenye kompyuta tatu na intaneti ya kusuasua, nina la kufanya huko kweli?

Unalo, tena kubwa. Koha, mfumo wa kompyuta wa kuendeshea maktaba ambao maktaba nyingi za Afrika Mashariki zinautumia leo, ulizaliwa kwa sababu maktaba za wilaya moja ndogo ya New Zealand, Horowhenua, zilikuwa na mfumo mkongwe ambao usingevuka mwaka 2000. Ziliagiza programu mpya, ikaanza kazi Januari 2000, kisha zikaitoa bure kwa dunia nzima. Tatizo la maktaba ndogo likielezwa vizuri huwafaa wengi. Ndiyo maana mwongozo huu umejengwa juu ya jambo moja: nenda na tatizo halisi la maktaba yako, na kila unachokifanya kabla ya safari, ukumbini na baada ya kurudi kilihudumie hilo.

Kuhusu mikutano yenyewe, itoshe kutaja michache. SCECSAL hukutanisha vyama vya wakutubi vya Afrika Mashariki, Kati na Kusini kila baada ya miaka miwili na huhama nchi hadi nchi. Nairobi ilikuwa 2012, Lilongwe 2014, Entebbe 2018. AfLIA ni chama cha maktaba cha bara zima na makao yake yako Accra. IFLA ni shirikisho la maktaba la dunia, na mkutano wake mkuu umewahi kuja Nairobi mwaka 1984, Durban 2007 na Cape Town 2015. KohaCon ni mkutano wa watumiaji na watengenezaji wa Koha. Mwaka 2015 ulifanyika Ibadan, Nigeria. Internet Librarian ya Marekani, iliyofanyika miaka mingi Monterey, California, ilihamia mtandaoni mwaka 2020, kwa hiyo hata asiye na nauli anaweza kufuatilia mambo ya aina hiyo akiwa Songea au Kakamega.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Paspoti iliyobakiza zaidi ya miezi sita. Jina lililo kwenye paspoti ndilo uandike kwenye fomu ya usajili, herufi kwa herufi, maana barua ya mwaliko itachapwa kwa jina hilo na afisa wa viza atalilinganisha.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Cheti huanza kutambulika siku kumi baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote. Wengi huchanjwa wiki ya safari halafu wanazuiwa uwanjani. Usiwe mmoja wao.

Uanachama hai wa chama cha wakutubi cha nchi yako. Ada ya mwanachama kwenye mikutano mingi ni ndogo kuliko ya asiye mwanachama, na pengine tofauti hiyo pekee inafidia mchango wako wa mwaka.

Kompyuta mpakato na chaja yake, flashi mbili, daftari la karatasi, na plagi ya kubadilishia. Tanzania, Kenya, Uganda na Malawi tunatumia soketi moja, ile ya miguu mitatu bapa. Afrika Kusini na Namibia wana ile ya miguu mitatu mikubwa ya duara, na Rwanda wana ya miguu miwili ya duara. Adapta ya Kariakoo inayosema inafaa nchi zote mara nyingi haina ile ya Afrika Kusini, kwa hiyo ijaribu kabla ya kulipa.

Na hiki ndicho muhimu kuliko vyote: ukurasa mmoja wa takwimu za maktaba yako. Andika una vitabu vingapi na rekodi ngapi zimeshaingia kwenye mfumo. Andika mfumo wenyewe na toleo lake. Kwenye Koha toleo linaonekana ukifungua ukurasa unaoeleza habari za Koha yenyewe, na namba zake ni mwaka na mwezi: 23.11 ni Novemba 2023. Matoleo makubwa hutoka mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, kwa hiyo ukiitazama tu namba unajua umeachwa nyuma kiasi gani. Pima kasi ya intaneti mwenyewe, mara moja saa nne asubuhi wasomaji wakiwa wengi na mara moja jioni wakishaondoka. Andika bando au laini inagharimu kiasi gani kwa mwezi, na nani hasa anajua nywila ya seva. Ukurasa huu utautoa kwenye begi mara nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha mkutano ni wa kweli

Barua pepe za mialiko ya uongo zinawalenga wasomi wa Afrika kila siku. Dalili zake zinafahamika: wanakusifu kwa makala ambayo hata hawaitaji jina, mkutano mmoja unajumuisha ukutubi, uuguzi, uhandisi na kilimo, hoteli haitajwi au inatajwa tu kama itatangazwa, na malipo yanaelekezwa kwenye akaunti ya mtu binafsi.

Usijibu barua hiyo. Andika kwa chama chako cha taifa uulize kama wanaufahamu mkutano. Tafuta pia kumbukumbu za mikutano yao iliyopita, uone kama kuna mada zilizowasilishwa na watu unaoweza kuwapata vyuoni mwao. Mkutano wa kweli una historia.

Onyo lingine: ukishajisajili kwenye mkutano halali, unaweza kupata barua ya mtu anayejiita wakala wa hoteli, akikuhimiza ulipie chumba upesi kabla havijaisha. Chumba kilipie kupitia anwani iliyo kwenye tovuti ya mkutano tu.

2. Liandike tatizo lako kwa sentensi mbili

Ukiandika "tunahitaji kuboresha TEHAMA", hujaandika tatizo. Tatizo linafanana na hili: "Tuna rekodi elfu nane kwenye Koha lakini umeme ukikatika seva inazimika, na mara mbili mwaka huu tumepoteza kazi ya siku nzima. Hatujui jinsi ya kupata nakala rudufu inayojitengeneza yenyewe." Au: "Wanafunzi wetu wanaosoma wakiwa nyumbani hawawezi kufungua majarida ya mtandaoni ambayo chuo kinayalipia."

Ukiweza kuliandika hivyo, mtaalamu yeyote atakayekutana nawe kwenye foleni ya chai atajua pa kukusaidia. Ukishindwa, kaa na wenzako wa kaunta. Wao ndio wanaosikia malalamiko.

3. Tuma ikisiri hata kama unaogopa

Si lazima uwasilishe mada. Lakini mwajiri humpa fedha kirahisi zaidi mtu aliyekubaliwa kuwasilisha, na baadhi ya ufadhili hutolewa kwa wawasilishaji peke yao. Kwa hiyo tuma.

Ikisiri huwa na maneno kama 250. Igawe sehemu nne: tatizo lilikuwa nini, mlifanya nini, kilitokea nini, na mwenzako wa maktaba nyingine achukue nini. Waandaaji wamechoka na vichwa kama "Umuhimu wa TEHAMA katika Maktaba za Karne ya Ishirini na Moja". Andika "Kuhamisha kadi za katalogi kwenda Koha kwa kompyuta mbili: hatua tulizopitia katika maktaba ya chuo cha ualimu". Mtu akisoma kichwa hiki anajua atapata nini.

Mikutano mingi ya ukanda wetu huendeshwa kwa Kiingereza. Fikiri na uandike rasimu kwa Kiswahili kwanza, hoja ikae sawa, ndipo uiandike upya kwa Kiingereza chepesi. Ikisiri iliyoanzwa kwa Kiingereza cha kuazima huwa na maneno makubwa na haina habari.

Ukiona mada inakuzidi, uliza kama wanapokea mabango, yaani mada iliyochapwa kwenye karatasi kubwa ya kubandika ukutani. Bango linakuweka mbele ya watu wachache wenye nia, mkaongea kwa nafasi, na kwa anayeanza naliona lina faida kuliko dakika kumi na tano za jukwaani.

4. Omba ruhusa na fedha mapema

Mtumishi wa umma Tanzania anahitaji kibali cha kusafiri nje ya nchi, na kibali kina safari yake ndefu ya meza hadi meza. Anza siku ileile unapopata barua ya kukubaliwa. Kama mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai, ombi lako liwe kwenye makisio ya bajeti miezi mingi kabla. Anayekumbuka wakati kasma imeshaisha hana wa kumlaumu.

Dokezo liwe fupi. Aya ya kwanza: tatizo lako la hatua ya pili. Aya ya pili: mkutano, tarehe, mahali, na vikao viwili au vitatu vinavyogusa tatizo hilo, kwa majina yake kama ratiba imeshatoka. Aya ya tatu: gharama zote kwa mchanganuo, yaani ada, nauli, malazi, posho, viza, bima. Aya ya nne: utakachokifanya ukirudi na tarehe yake. Aya hii ya nne ndiyo wengi huiacha, na ndiyo mkuu wa idara anayoitafuta. Ambatanisha barua ya mwaliko, ratiba na ankara kifani ya ada.

Ufadhili wa nje upo. Vyama na waandaaji hutenga nafasi chache za wanaohudhuria mara ya kwanza au wanaotoka nchi zenye kipato kidogo. Soma masharti yote, maana wengine hulipa ada tu bila nauli, na wengine hurudisha fedha baada ya safari, jambo ambalo linamaanisha ukope kwanza.

5. Jisajili na upange safari

Lipa ndani ya muda wa punguzo la wanaowahi. Hifadhi uthibitisho wa malipo kwenye simu na kwenye karatasi, kwa sababu benki ya kwako inaweza kuonyesha fedha imetoka wakati waandaaji hawajaiona.

Viza isubiri kitu kimoja tu, barua ya mwaliko. Barua ikifika, omba siku hiyohiyo. Tiketi inayoweza kubadilishwa ni ghali kidogo, ila kwa safari ya viza naishauri.

Angalia saa. Kigali, Lilongwe na Lusaka wako nyuma yetu kwa saa moja, Accra kwa saa tatu. Ratiba inayosema 09:00 ni saa tatu asubuhi ya huko. Kwa kikao cha mtandaoni kutoka California mwezi wa Oktoba, saa tatu asubuhi yao ni saa moja jioni yetu, kwa hiyo panga umeme na bando la jioni.

6. Isome ratiba ukiwa na kalamu

Kwenye mkutano wenye vikao vinne kwa wakati mmoja utakosa robo tatu ya kila kitu. Kubali mapema. Weka nyota kwenye vikao vinavyogusa tatizo lako, viwili kwa siku vinatosha, na alama ya kuuliza kwenye kimoja usichokijua kabisa. Akili mnemba itakuwa kwenye kila ukumbi, na inastahili kusikilizwa, lakini kama nyumbani bado huna nakala rudufu, warsha ya seva ichukue nafasi ya kwanza.

Warsha za siku moja kabla ya mkutano mara nyingi hulipiwa kando na nafasi ni chache. Kwa mtu wa vitendo hizi ndizo zenye thamani kubwa, kwani unakaa mbele ya kompyuta na mtu anakusimamia hadi kitu kifanye kazi. Kama fedha inatosha warsha moja au chakula cha jioni cha sherehe, chagua warsha.

7. Siku ya kwanza, fika mapema

Chukua beji wakati foleni ni fupi. Andika chini ya jina lako, kwa kalamu nene, tatizo lako kwa maneno matatu: "Koha na umeme", "majarida nje ya chuo". Watu watasoma na kuanza mazungumzo wao wenyewe.

Salimia waliokaa kulia na kushoto kwako kabla kikao hakijaanza. Ukisikia Kiswahili cha Mombasa, cha Bujumbura au cha Lubumbashi, sogea. Jukwaani watu watasema Kiingereza, lakini ukweli kuhusu kilichoshindikana utaupata kwenye chai, kwa Kiswahili, na huwezi kuusoma popote. Mkubwa kwako mwite mzee au mama kama ulivyozoea, na usisite kumfuata mtu aliyetoa mada kuu. Wengi wao wamekaa hotelini peke yao wakitamani mtu wa kuongea naye kuhusu kazi.

8. Andika vitu vichache, kwa mpangilio

Usijaribu kunakili slaidi. Zitatumwa, au zipige picha. Gawa ukurasa wa daftari kwa mstari wa wima. Kushoto andika walichofanya wao. Kulia andika kama kwetu kinawezekana: ndiyo, hapana, au kwa sharti gani. Upande wa kulia ukibaki mtupu kikao kizima, toka kimyakimya uende kingine. Hakuna atakayekasirika.

Kila unaposikia jina la programu, andika mambo matatu: ni ya bure au ya kulipia, inahitaji seva ya aina gani, na intaneti ikikatika inafanyaje. Mfano, ukisikia habari za Kiwix utajua mara moja kwa nini inatajwa sana kwenye maktaba za vijijini: inaweka Wikipedia nzima kwenye kompyuta au simu na inasomeka bila intaneti kabisa. Ukisikia DSpace kwa ajili ya tasnifu na machapisho ya chuo, uliza ni toleo la ngapi. Toleo la 7 lililotoka mwaka 2021 lilibadilisha sehemu yote anayoiona msomaji na linahitaji mashine yenye nguvu zaidi, na toleo la 6 lilishaacha kuhudumiwa mwaka 2023. Mtu anayekusifia DSpace iliyowekwa zamani hakwambii gharama ya kuisasisha.

Swali la ukumbini liwe sekunde thelathini. Jina, maktaba, swali. Hotuba za wauliza maswali huwaudhi watu na mwenyekiti atakukata.

9. Pita kwenye maonyesho na maswali mkononi

Hapa ndipo fedha za maktaba hupotea, kwa hiyo nakaa kidogo.

Meza za kampuni zina kalamu, mifuko na tabasamu. Chukua kalamu. Kisha uliza haya, moja baada ya jingine, na uandike majibu mbele yao:

Bei ni ya mwaka au ya mara moja, na ni kwa sarafu gani? Mwaka wa pili na wa tatu itakuwaje? Bei ya dola inaweza kukuacha bila huduma shilingi ikishuka.

Data yetu itakaa seva ya wapi, na intaneti ikikatika kaunta itaweza kuazimisha kitabu?

Nani wa ukanda wetu anautumia mfumo huu? Omba jina la maktaba, kisha mtafute mkutubi wake palepale mkutanoni au umpigie simu jioni. Mazungumzo ya dakika tano na mtumiaji yatakupa habari kuliko saa nzima ya maonyesho.

La mwisho ndilo zito kupita yote: tukiacha kulipa, rekodi zetu tunaondoka nazo? Kila muuzaji atajibu ndiyo. Usiridhike. Mwambie kwa upole, "Naomba nione ukitoa rekodi kumi sasa hivi." Akitoa faili, mwombe akuwekee kwenye flashi. Jioni lifungue kwa MarcEdit, programu ya bure ya kusomea rekodi za maktaba, ambazo sehemu zake hutajwa kwa namba, uangalie. Kuna sehemu ya 020 yenye ISBN? Ya 100 yenye mwandishi? Ya 245 yenye kichwa? Sasa tafuta habari za nakala: namba ya kitabu, rafu, tawi. Kwenye Koha hizo zinakaa sehemu ya 952. Mifumo kadhaa hutoa rekodi nzuri za vitabu bila habari za nakala hata moja, na hapo kuhama kunamaanisha kushika upya kila kitabu rafuni na kubandika upya kila lebo. Muuzaji akisema "tutakutumia wiki ijayo", andika jibu hilo kama lilivyo. Nalo ni jibu.

Usitie saini chochote mkutanoni. Hakuna punguzo la "leo tu" ambalo haliwezi kupatikana mwezi ujao.

10. Ukiwasilisha

Slaidi kumi zinatosha. Ziweke kwenye flashi mbili na kwenye barua pepe yako, katika muundo wa PDF pia, maana kompyuta ya ukumbini inaweza kukosa fonti zako. Usitegemee kuonyesha mfumo moja kwa moja kupitia intaneti ya ukumbi. Piga picha za skrini usiku uliotangulia. Jaribu projekta wakati wa chai.

Anza na tatizo, ruka historia ya chuo chako na orodha ya malengo. Sema kilichoshindikana pamoja na kilichofaulu. Ukiambiwa zimebaki dakika mbili, nenda moja kwa moja kwenye slaidi ya mwisho.

11. Kila jioni, nusu saa ya kazi

Kabla ya kulala tuma ujumbe kwenye grupu la kazini: jambo moja ulilojifunza, mtu mmoja uliyekutana naye, swali moja kwao. Watakujibu na maswali mazuri ya kuuliza kesho, na ukirudi hawatakuona kama mtu aliyekuwa matembezini. Andika pia nyuma ya kila kadi uliyopewa mliongea nini. Kadi ishirini zisizo na maelezo hazina maana baada ya wiki.

12. Wiki ya kwanza baada ya kurudi

Rejesha masurufu. Ulitunza bodi pasi na risiti zote, natumaini, hadi ya teksi. Mhasibu asipozipata, safari ijayo itakuwa ngumu kwako na kwa atakayekufuata.

Ripoti iwe kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni tatizo lenu na majibu uliyoyapata, yakiwa na gharama. Wa pili ni orodha ya watu na mambo ya kufuatilia. Kisha fanya badiliko moja dogo ndani ya wiki hiyohiyo, linaloonekana: nakala rudufu inayojitengeneza kila usiku na kwenda kwenye diski ya nje, au karatasi kaunta inayoeleza jinsi ya kufungua majarida ukiwa nyumbani. Waandikie pia watu watano muhimu uliokutana nao. Baada ya mwezi watakuwa wamekusahau.

Mambo yakienda mrama

*Ikisiri imekataliwa.* Omba maoni ya wasomaji wake, uirekebishe, uipeleke kama bango au kwenye mkutano wa chama cha taifa. Unaweza pia kujitolea kuwa mwandishi wa kumbukumbu za kikao. Waandaaji huhitaji watu hao na wakati mwingine huwasamehe ada.

*Fedha zimeidhinishwa lakini hazijatoka na muda wa punguzo unaisha.* Waandikie waandaaji barua rasmi yenye nakala ya idhini ya mwajiri, uombe wakushikilie bei. Wengi wanajua taasisi za serikali zinavyolipa na hukubali.

*Viza imechelewa.* Uliza kama usajili wako unaweza kugeuzwa kuwa wa mtandaoni, na kama mwenzako aliyeko huko anaweza kukusomea mada. Tuma slaidi na sauti uliyoirekodi kwa simu.

*Intaneti ya hoteli imekufa.* Itakufa, maana mamia ya watu wamejiunga nayo. Nunua laini ya simu ya nchi ile uwanjani, ukiwa na paspoti mkononi kwa ajili ya usajili, na pakua ratiba na ramani mapema.

*Kiingereza kinakimbia sana.* Kaa mbele, omba slaidi kwa mtoa mada, na umfuate baada ya kikao. Uso kwa uso watu hupunguza mwendo. Ukiwa na mwenzako anayeelewa zaidi, gawaneni vikao na mwelezane usiku.

*Umejaribu kazini ulichojifunza na mfumo umegoma.* Usifute kitu. Nakili ujumbe wa kosa neno kwa neno, pamoja na namba ya toleo na ulichokuwa unakifanya, umtumie yule uliyekaa naye kwenye warsha. Majaribio yote yafanye kwanza kwenye kompyuta nyingine yenye nakala ya data, kamwe si kwenye seva wanayoitumia wasomaji.

*Bosi anasema hakuna bajeti ya kutekeleza chochote.* Rudi kwenye upande wa kulia wa daftari lako, tafuta mistari uliyoandika "ndiyo" bila sharti la fedha, na uanze na hiyo. Kusasisha Koha hadi toleo linalohudumiwa kunahitaji muda wa mtu mmoja na siku mbili za kaunta kufungwa. Omba siku hizo mbili wakati wa likizo ya wanafunzi.